Maoni Niliyomwandikia Mama wa Mapasa

Watu wa Kamina wanaokumbuka kwamba nilikuwa juri wa televisheni wananitajia jambo hilo kwa heshima, na kila wakilitaja nasikia kasirani. Ndiyo, nilikuwa. Nilikaa kwenye meza ya mbele, juu yake kitambaa cha kijani na gilasi ya maji iliyofunikwa na kisahani, nikaandika maoni juu ya kila aliyeimba. Maoni yangu yalimtia mwanamke mmoja ndani, na si kwa sababu niliandika mabaya. Niliandika mazuri. Ningekuwa nimeandika mabaya, leo ningekuwa na usingizi mtamu.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, na Jumapili niliongoza kwaya ya wanawake wa mtaa wa reli. Siku moja mkubwa wa propaganda wa Chama aliniita ofisini kwake. Alikuwa mgeni, ametoka mkoa mwingine, miaka miwili kwetu na hajajifunza hata kusalimia kwa Kiluba. Hakuona sababu ya kujifunza. Akaniambia kwamba watu wa televisheni wanakuja kutoka Lubumbashi na mashine zao kurekodi shindano la waimbaji. Kila mmoja ataimba peke yake, wimbo aliotunga mwenyewe, wa kumsifu Kiongozi, na lazima uwe wa desturi ya mababu. Atakayeshinda atapelekwa Lubumbashi kuingia katika kundi la waimbaji la mkoa, apewe na nyumba.

"Hatutaki nyimbo za misa, citoyenne, wala za wazungu," alisema, maana siku zile wote tuliitwa wananchi, kwa Kifaransa. "Mababu. Umesikia? Mababu."

Nilisikia. Hilo la mababu alilirudia mara tatu, na sijalisahau, kwa sababu baadaye, nilipomkumbusha, alijifanya hakusikia.

Kazi yetu ilipangwa hivi. Yeye alikuwa mwenyekiti wa juri. Mimi nilikuwa wa kuandika. Wa tatu alikuwa ajida mzee, askari wa cheo wa Base, kambi kubwa ya jeshi ya hapa kwetu, ambaye alimpigia kila mtu makofi sawasawa. Mwimbaji akimaliza, mimi naandika mistari minne mitano pamoja na pointi juu ya ishirini, namsogezea mwenyekiti karatasi, naye anasimama mbele ya kamera kuisoma kwa sauti yake nene kana kwamba maneno ameyafikiri mwenyewe. Hakuwa anaipitia kwanza. Nilipomwambia aipitie, alinijibu kwamba yeye si mtoto wa shule yangu. Basi, sawa.

Siku ya kurekodi ukumbi wa reli ulijaa tangu asubuhi. Taa za televisheni zilikuwa kali mpaka mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimelewa sifa. Nilisikia maneno yangu yakitoka katika kinywa cha mkubwa, watu wakicheka, nikazidi kuyanoa.

Wa kwanza alikuwa karani wa stesheni, aliyeimba kwa pua na kumtazama mwenyekiti badala ya kamera. Nikaandika: "Sauti yake inatosha chumba kimoja, si ukumbi. Anajua maneno mengi ya sifa, lakini hajui mahali pa kupumua." Ukumbi ulicheka. Wa pili, askari wa Base, aliimba Kilingala, akacheza zaidi kuliko kuimba. Nikaandika: "Miguu inaimba vizuri, mdomo unaisindikiza." Wa tatu alikuwa kijana wa wale wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Maniema, koo limenyooka kwa sababu ya kusoma Kurani tangu utoto. Huyo nilimpa haki yake: "Sauti safi, haitikisiki. Wimbo ungeishia ubeti wa tatu ungekuwa mzuri zaidi."

Wa nne ndiye yule mama.

Kila mtu alimjua. Aliuza samaki wakavu wa Bukama karibu na stesheni, na mume wake alikuwa askari wa Base, mtu wa kutoka mbali kabisa. Alikuwa amezaa mapasa, watoto wawili wa tumbo moja, na alipanda jukwaani kama mama wa mapasa anavyopaswa kutokea mbele ya watu: amejipaka pemba, udongo mweupe wa baraka, mikononi na kuzunguka macho, ameshika kibuyu chenye mbegu ndani.

Kwetu mapasa wanaimbiwa nyimbo zao, na nyimbo zao ni matusi. Hilo halifichwi. Mama wa mapasa anakutukana tumbo, anakutukana miguu, anakutukana ulivyo mchoyo mezani na mvivu kitandani, na wewe unacheka na kumjibu, kwa sababu tusi hilo ni baraka. Anayetukanwa zaidi ya wote ni baba wa mapasa, na kukasirika ni mwiko. Ukimkasirikia, balaa linakuingilia nyumbani. Mtoto wa miaka mitano anayajua hayo. Nilikuwa nayajua tangu kabla sijajua kuandika, na ndiyo maana sikufikiri hata kidogo.

Yule mama alimweka Kiongozi mahali pa baba wa mapasa. Alisema nchi imezaa wawili wawili, kisha akaanza: tumbo lile, choyo kile cha nyama, miguu ile myembamba ya kukimbilia sufuria. Kwa Kiluba, na kwa sauti ambayo sijui niielezeje. Ilianzia chini kabisa, ikapanda bila kubadilisha uso, ikasimama juu pale palipo pagumu, ikakaa. Ukumbi mzima ulimjibu. Mwenyekiti wetu, asiyeelewa neno, aliinuka na kucheza. Namwona bado akitikisa mabega mbele ya kamera, jasho linamtoka, ameridhika.

Nikaandika bila kuinua kalamu: "Huyu ni mwimbaji wa kweli. Amefanya tulichoomba, ameimba kwa desturi ya mababu. Amemtukana Kiongozi wetu kama tunavyomtukana baba wa mapasa, tumbo lake, choyo chake na miguu yake, na kwa matusi hayo amembariki. Tangu asubuhi hakuna aliyemfikia. Kumi na tisa juu ya ishirini."

Nikasogeza karatasi. Niliisogeza kwa kidole kimoja tu, kwa madaha, mjinga mimi.

Akaisoma kwa sauti yake nene. Alisoma "amemtukana Kiongozi wetu" akaendelea, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshatangulia akili. Alisoma tumbo. Alisoma choyo. Hapo akanyamaza. Na watu wangu wa Kamina, Mungu awasamehe, wakapiga makofi, kwa sababu kwao yote yaliyosomwa yalikuwa sawa kabisa. Nilimwona akiutazama ule ukumbi unaopigia makofi choyo cha Kiongozi.

Akaamuru mashine zisimame. Vijana wawili wa Chama walimshika yule mama na pemba yake mwilini wakamtoa kwa mlango wa jikoni. Watu wa televisheni hawakubishana na mkubwa hata dakika moja, walirudisha ukanda nyuma na kumrekodi karani wa stesheni mara ya pili juu yake. Wimbo ulifutwa. Karatasi yangu haikufutwa. Mkubwa aliikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Nilimfuata mpaka nje nikimweleza desturi, mapasa, mwiko, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka mambo ya mababu. Alinisikiliza akijipangusa shingo.

"Mimi sijui Kiluba, citoyenne," alisema. "Sikusikia tusi lolote. Ni wewe uliyeandika kwamba ametukana. Shahidi ni wewe."

Kasirani ilinishika. Alikuwa amecheza wimbo ule, kila mtu alimwona. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na mpaka leo kinanichoma kuliko uongo wake wote. Bila maoni yangu hakuna ambaye angemgusa yule mwanamke.

Alikaa kasho, chumba cha mahabusu, siku tatu. Jumapili walimwachia aende kumtafuta mumewe na karatasi zake, Jumatatu warudi wote. Huko Base mumewe alikuwa ameshaambiwa: mke akipatikana na kosa, yeye atavuliwa uniforme na familia itatoka nyumba ya jeshi. Mimi nami niliagizwa kuleta Jumatatu maelezo yangu kwa maandishi.

Nilikuwa nimetoka misani alipoingia uani kwangu, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Pemba ilikuwa bado nyuma ya masikio. Nilimpa kiti, akakaa chini.

"Mama mwalimu," alisema, "njo weye uliandika?"

"Njo miye."

"Banilisomea kule mu kasho. Mara mbili. Hakuna muntu mwenye alishanisifu vile."

Nikamwambia nimeshaanza kuandika maelezo marefu ya desturi yetu, kurasa tatu, na kwamba yeyote mwenye akili akiyasoma ataelewa. Akatikisa kichwa.

"Ule muntu hapendi kuelezewa. Ukimueleza, atasema tuko babili mu kosa. Sikia, mama. Kama wimbo iko muzuri, minyi niko na kosa, juu nilijua kintu nilikuwa nafanya. Kama wimbo iko mubaya, minyi niko mupumbafu tu. Mupumbafu habamufunge. Andika ingine. Andika sijue kuimba."

Nilikataa. Nilimwambia siwezi kutia sahihi yangu chini ya uongo wa namna hiyo, mimi mwalimu wa kuimba. Alinitazama tu, hakupandisha sauti.

"Ile ya kwanza ulitia," alisema.

Nikaleta karatasi. Nikaandika: "Sauti yake ni nzuri lakini aliogopa taa." Alijua kusoma kidogo, akapitisha kidole chini ya maneno.

"Toa hii 'nzuri'."

Nikaitoa.

"Andika sauti inakwaruza. Andika nilichanganya nyimbo mbili, ya Kiongozi na ya mapasa, juu kichwa yangu iko nguvu, haishike kintu. Andika kwetu Bukama banalikuwa bananicheka tangu mutoto." Yule wa mgongoni akaanza kulia. Akamtikisa, na bila kujua akaanza kumwimbia, chini kwa chini, ile ile iliyoanzia chini kabisa. Mtoto akanyamaza palepale. Naye akajishika, akafunga mdomo. "Andika hata batoto yangu banalia nikiimba," akasema.

Nikaandika. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Jumatatu asubuhi, ofisini kwake, mkubwa alinisimamisha niyasome maelezo yale, mlango wazi, watu wamejaa baraza, wengi wao wanawake wa soko. Mume alisimama kando na kofia mkononi. Nilisoma kila neno. Mkubwa aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekula vizuri.

"Haya sasa ndiyo maoni ya juri," alisema. Akamgeukia yule mama. "Ni kweli hujui kuimba?"

"Ni kweli, citoyen."

"Basi imba kidogo. Tuone."

Sikulifikiria hilo. Naapa sikulifikiria. Niliona mume wake akiinamisha macho kwenye kofia.

Yule mama akaweka mtoto wa mkononi chini, akasimama wima, akaimba wimbo wa mapasa vibaya. Alianza juu mno ikakatika. Akashuka, akapita mahali pa kusimama, akarudi, akapakosa tena kwa upande wa pili. Aliharibu kila mahali palipotakiwa kuharibiwa na hakusahau hata mahali pamoja, na mtu asiyejua wimbo ule mpaka ndani ya mifupa hawezi kuukosa hivyo. Mkubwa alicheka mpaka akatoa kitambaa. Barazani hakuna aliyecheka. Wanawake wa soko walitazama sakafu, na mimi nilitamani kuipindua meza yake juu ya tumbo la yule mtu. Sikuipindua. Nilikuwa na kazi ya serikali na watoto wanne.

"Wewe ndiye juri, citoyenne," aliniambia, bado anacheka. "Mpe pointi zake."

Nikaandika mbili juu ya ishirini, nikazisoma kwa sauti. Yule mama akainama, akaniambia aksanti, akabeba mtoto wake, wakatoka na mumewe, na hakuna aliyewazuia mlangoni.