Maua ya Mpasheni wa Mama

Mche niliupata Kakuma, kambini ninakofanya kazi siku za wiki, kwa mama mmoja Mkongo ninayefundisha naye ushoni. Yeye tunda lake huliita marakuja, sisi husema pasheni. Alikuwa ameuotesha ndani ya mkebe wa maziwa. "Upatie kitu cha kushika, dada," akaniambia. "Usipoupatia utajitafutia." Ijumaa nikashuka nao Lodwar, nimeupakata njia nzima.

Shida yangu haikuwa tunda, ilikuwa mama. Tangu baba afariki anakaa kwangu Lodwar, na haikupita wiki bila kunikumbusha kwamba mbuzi wake wako kijijini Kaaleng kwa mjomba, na kwamba hakuzaliwa ili azeeke akitazama mabati. Macho yake yamefifia, na huko hakuna wa kumshika mkono kwenda kisimani. Nilibembeleza, nikanuna, nikapayuka, maana mimi na hasira ni kama pua na mdomo. Yeye alijibu "Ejok" tu, yaani sawa, akaendelea kufunga mzigo wake.

"Basi panda huu kwanza," nikamwambia siku ile. "Ukizaa, ule tunda moja, halafu nitakupeleka mwenyewe."

Akaupapasa ule mche kutoka shina hadi ncha. "Ukizaa naenda," akasema. Na mama yangu hali matapishi yake. Nilichotaka mimi ni muda tu, labda angezoea.

Tukauzungushia miiba ya mti wa mathenge ili mbuzi wa jirani wasiufikie, tukaunywesha maji ya kuoshea mboga. Ukashika njia. Una vikono vyembamba vinavyopapasa hewani kama mama anavyotafuta kikombe chake, na kikono kikigusa kijiti, kesho yake umekikuta kimejisokota, hakibanduki. Ulipanda ukuta, ukadaka kamba ya nguo, ukalala juu ya kibanda chetu cha makuti ya mikoma. Chini yake mwanga uligeuka kijani. Kila Jumamosi nilijinyoosha hapo na mama juu ya ngozi, akinisimulia mbuzi wake kwa rangi zao, nami sijui lini nimesinzia wala lini nimeamka, mbuzi wa madoa bado anapita. Sikuwa nimemsikiliza hivyo tangu utotoni.

Kisha ukachanua, maua meupe yenye nywele za zambarau, yanayofunguka jua likiwa utosini. Wiki iliyofuata nikakuta hakuna ua wala tunda. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Nikalaumu joto, nikalaumu ndege, nikagombana na jirani juu ya kuku wake, na mama akisema "Ejok" tu.

Siku moja nikarudi mapema kutoka sokoni. Nilipofungua lango nilimwona mama amesimama kibandani, vidole vyake vikitembea juu ya shina kama anatafuta kupe kwenye mbuzi. Vikafika kwenye ua, akalichuma, akalificha ndani ya shuka.

"Kumbe ni wewe, mama?"

Hakushtuka. Aliketi taratibu. "Kiangazi kikiwa kikali, beberu hufungwa ngozi chini ya tumbo asipande majike, wasije wakazaa kabla ya wakati. Hujui?"

"Najua."

"Sasa unauliza nini?"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Muda wote huo nilidhani ni mimi ninayemzuia. Nilifurahi, lakini sikumwambia "basi kaa." Hilo lingemfanya aonekane amelirudi neno lake. Nikaingia kupika.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumelala palepale. Mwangani, juu kabisa, pale mkono wa mama usipofika wala macho yake, niliona tunda moja, bichi, limeshajaa kama yai. Nikavuta kigoda polepole, nikapanda.

"Kuna kitu huko juu?" mama akauliza.

"Majani tu, mama," nikamjibu, tunda likiwa ndani ya ngumi yangu.

"Ejok," akasema, akageukia upande wa pili, akalala.