Mbawa Alizozipiga Pasi Somoe

Marijani alikuwa fundi wa ndege uwanjani hadi alipostaafu. Wastaafu wenzake wa Pugu walipoanza kufuga kuku, yeye akaleta kasha lenye vipande vya ndege ndogo ya viti viwili, ya kujiungia mwenyewe. Mtaa mzima tulimcheka. Mimi, jirani yake wa ukuta mmoja, nilicheka kuliko wote.

Mkewe Somoe hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, na mbawa zilihitaji kuvalishwa kitambaa. Kitambaa chenyewe hushonewa kwenye mifupa ya bawa, kisha hupigwa pasi ya moto mpaka kijivute na kukaza kama ngozi ya ngoma. Marijani aliunga injini na mkia. Mbawa alimwachia mkewe. Nilikuwa nawasikia uani wakigombana juu ya moto wa pasi, wanagombana huku wanacheka.

"Siku ikiruka, kiti cha upande wa kulia chako," Marijani alimwambia.

Figo zikamuwahi Marijani. Tulimzika ndege ikiwa tayari kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya vilima, inasubiri kibali tu. Waombolezaji walisema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nilikuwa na hasira.

Somoe akaingia eda. Ndugu wa mume wakaiuza ndege kwa mtu wa Iringa. Kibali kilipotoka, rubani Brightson akaijaribu, ikaruka vizuri. Akatuma ujumbe kwamba siku ya kuipeleka Iringa atapita juu ya nyumba, mama aione. Baada ya hapo isingerudi tena Dar.

Somoe aliomba jambo moja tu: asimame uani kwake, aitazame. Wifi yake Zubeda, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kumsimamia eda, akakataa.

"Uani hakuna paa, wifi. Rubani mwanamume. Atakuona kutoka juu."

"Atamuona wapi, Bi Zubeda?" nikamvaa. "Huko juu hata nyumba anaiona kama kiberiti!"

"Mama Hope, mambo ya kwetu tuachie wenyewe."

Mkristo mimi, eda si yangu. Nilimtazama Somoe aseme neno.

"Sitaki maneno kwenye msiba wa Marijani," akasema. "Nitakaa ndani."

Asubuhi yenyewe tulikuwa chumbani watatu. Mngurumo uliposikika, aliyetoka mbio hakuwa mimi. Alikuwa Zubeda, kichwa wazi, anapunga mtandio, analia: "Mdogo wangu! Mdogo wangu huyo!" Nikamfuata. Ndege nyeupe ilipita, ikainamisha bawa moja upande wetu, ikaenda zake.

Niliporudi ndani, Somoe alikuwa palepale, macho darini.

"Zimekaza?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Mbawa. Kitambaa hakikupepea?"

Mimi nilichoona ni weupe tu ukipita juani. "Zimekaza, Somoe. Hata kunyanzi moja hamna."

Machozi yakaanza kumtoka. Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, mtandio bado mkononi, hathubutu kuingia.

"Alikuwa ananiambia pasi yangu ina moto mno, nitaunguza," Somoe akasema. "Mwambieni..."

Akaishia hapo, maana hakukuwa na wa kuambiwa.