Ulijuaje Kama Iko Pale

Siku tuliyomzika mdogo wangu, nilimfuata fundi wa mitumbwi mbele ya watu wote waliokuja kutupa pole, nikamuuliza, "Wewe ulijuaje kama iko pale?"

Mdogo wangu alikuwa mwanamume mzima, anajua kuogelea. Alizama ziwani Jumapili mchana hapa Rumonge, na wavuvi walimtafuta pale pale alipopotelea. Fundi hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mawe, mbali kabisa, akapiga mbizi mara moja, akatoka na maiti. Nikajiambia: huyu alimwona akizama, akanyamaza.

Alinipa mkono wa pole, akaondoka. Swali langu likatembea lenyewe. Wavuvi wakaanza kupeleka mitumbwi yao kijiji cha Magara kutengenezwa, na watu wakawa wanamsalimia kwa mbali. Sikumwonea huruma.

Kwa hiyo niliposikia anatafuta watu wa kujitolea kuokoa waogeleaji, nilijiandikisha wa kwanza. Alituita "benevole", yaani watu wanaofanya kazi bila malipo. Kwangu mimi hilo lilikuwa jina la mtu anayeficha anachokitaka. Nilikwenda kumchunguza, basi.

Siku ya kwanza akanichagua niwe ndiye anayezama: nilale chali, anishike kidevu, anivute hadi mchangani. Mara tatu nilijikaza, nikazama, nikameza maji.

"Dada, shingo yako inakatala," alisema.

"Inajua sababu," nikamjibu.

Mwezi wa saba, upepo wa kusini ulipokuwa mkali, alichukua bidoni, dumu tupu la mawese, akaijaza maji nusu, akaitupa pale watu wanapoogea. "Muangalie," alisema. Katikati ya mawimbi yaliyokuwa yakipasuka kulikuwa na njia moja ya maji matulivu, na hapo ndipo wageni wanapopenda kuingilia. Bidoni ilifuata njia hiyo, ikachukuliwa mbali, ikapinda, ikaenda kukwama kwenye mawe. Mawe yale yale.

Wenzangu walishangaa. Mimi nilitafuta uzi, maana nilikuwa na hakika ameivuta. Kesho yake asubuhi nikarudi peke yangu na bidoni niliyoitoa jikoni kwangu. Ikaenda kwenye mawe. Nikarudia, na nikarudia tena. Mara ya nne nilikaa mchangani na nguo zilizolowa, nikiona aibu hata kusimama sikuweza. Na bado sikumwambia kitu. Nilijipa sababu kwamba labda anangoja niseme ili anicheke.

Jumapili moja mwanamke aliyekuja na dada yake kutoka Bujumbura akapotea majini. Kila mtu alinyoosha kidole pale alipoingilia. Nikapuliza filimbi, nikakimbilia upande wa mawe, fundi nyuma yangu na kamba. Nilimkuta anaibuka na kuzama, nguo imemfunika uso. Nikamshika kidevu. Shingo yake ikalegea mkononi mwangu bila kuniuliza mimi ni nani.

Alipokwisha kutapika maji na kuanza kulia, dada yake alinitazama, akatazama kule watu walikokuwa wakimtafuta, akanitazama tena.

"Wewe ulijuaje kama iko pale?"

Macho yale niliyafahamu, maana yalikuwa yangu.

Fundi akaniwahi. "Ni mimi nilimuonyesha," alisema huku akikunja kamba, na macho yote yakahamia kwake kama yalivyozoea. Alikuwa anabeba tena lile swali, safari hii kwa ajili yangu.

"Ni kweli," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wavuvi. "Na ni yeye alimutoa mdogo wangu. Nilimuuliza hivi hivi siku ya maziko. Nilikosea. Maji ndiyo ilimupeleka pale, na huyu alikuwa anajua maji."

Fundi hakuinua kichwa. "Mumupeleke hospitali," alisema. "Maji iko bado ndani." Kisha akaifungua kamba yote na kuanza kuikunja upya, kwa sababu alikuwa ameikunja vibaya.