Fyuzi ya Stesheni na Mgongo wa Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, stesheni ya Morogoro, sikuruhusiwa kugusa hata msumari. Fundi Mkuu wa Simu, Mjerumani mwenye sauti ya kukwaruza, alinisimamisha mbele ya kabati la betri zilizoendesha simu ya waya.

“Nyaya zikigusana, betri hutoa umeme wote kwa mkupuo,” alisema. “Kwa hiyo kila waya na fyuzi yake, jirani na betri.”

Fyuzi zetu zilikuwa uzi wa risasi, madini laini yale. Umeme ukizidi, uzi unayeyuka, njia inakatika, waya unasalimika. Uzi huo huchaguliwa kwa unene wa waya unaolindwa. Nyinyi vijana wa leo mnaoweka fyuzi nene ili msisumbuliwe, hebu nitokeeni hapa!

Fundi Mkuu akahamishwa, akaja Msimamizi. Masika hiyo unyevu wa Uluguru uliingia kwenye nyaya, fyuzi zikawa zinaungua kila mara.

“Weka shaba,” akaamuru.

“Bwana, shaba haiyeyuki upesi. Zitaungua nyaya.”

“Nani bwana hapa?”

Nikaweka. Siku ya soko nyaya zikagusana, fyuzi isikatike, kabati likateketea. Yalaa! Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alipokuja kuuliza, Msimamizi akaninyooshea kidole. Nilijitetea, nani asikie? Nikahukumiwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, palepale uwanjani, shuka chini.

Viboko vinapona. Ila katika umati alikuwepo baba mkwe wangu, ameshuka kutoka Mkuyuni na ndizi zake. Kwetu Waluguru mkwe hakuoni hata ukila, sembuse ukivuliwa nguo. Na nilikuwa nimeoa juzijuzi, naishi kwake kama ilivyo desturi. Akinidharau, sina mke, sina nyumba.

Askari aliponivua, mzee akageuka, akanipa mgongo. Nikajua ameniacha. Lakini hakuondoka. Alisimama vivyo hivyo, anatazama mlima, hadi kiboko cha mwisho.

“Mkwe,” akasema bila kugeuka, “ukishajifunga shuka, twende nyumbani. Wanakungoja.”

Nimestaafu sasa. Nimefunga fyuzi nyingi, na hakuna aliyeweza tena kunilazimisha kuweka shaba. Lakini aibu ile haikuisha. Miaka yote tuliyoishi na mzee nilimpa salamu nikiwa nimeinamisha macho, naye hakuligusia lile jambo hata mara moja. Alipofariki, wakwe tuliitwa kumuaga kabla ya kumfunika sanda. Hapo ndipo nilipomtazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile.