Mwalimu Murunga na Lori la Mawe

Mwalimu Murunga hakuwa mwanahistoria. Nasema hivyo mapema kwa sababu tulipomzika mwaka jana niliwasikia watu watatu wakimwita hivyo, na mmoja wao alikuwa na digrii. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi iliyo karibu na mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Mtu wa Turbo, mji mdogo wa jirani, mwenye baiskeli, koti moja la kijivu na cheti cha ualimu cha daraja la chini kabisa. Mimi nilimaliza kidato cha sita wakati wasichana wa huku waliofika huko wangetosha kwenye kiti kimoja cha basi, kwa hiyo tofauti naijua.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ya dakika mbili. Kila asubuhi, bendera ikishapandishwa na kiapo cha utiifu kikishasemwa, alipanda juu ya kreti tupu ya maziwa ya shule, akakohoa, kisha akawaambia watoto jambo lililotokea tarehe kama hiyo. Leo, tarehe ishirini Julai, mwaka wa 1969, chombo chenye watu kilitua mwezini. Watoto walipenda. Chepkorir, kitinda mimba wangu, alirudi nyumbani kila jioni na tarehe mpya kama mtoto mwingine anavyorudi na kikohozi.

Shida ni kwamba tarehe za kweli zilimwishia. Vitabu vyake viwili vilikuwa na kama sitini tu, na siku za masomo ni mara tatu ya hizo. Zile ambazo serikali ilikuwa imeshamkumbukia, sikukuu za Madaraka, Kenyatta na Jamhuri, zote ziliangukia siku shule imefungwa. Basi akaanza kuwafuata wazee kwa baiskeli. Mzee angemwambia nzige waliingia mahindi yakiwa yamefika magotini, naye akaandika tarehe ishirini na tatu Mei, kwa sababu ishirini na mbili ilikuwa na jambo lake tayari. Kile kisa cha sefu iliyoanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawashinda kuinua, wakajenga benki kuizunguka, kisa ambacho mji mzima unakisimulia na hakuna anayejua siku yake, yeye alikipa tarehe kumi na moja Februari. Nilikutana naye langoni nikamuuliza kwa nini kumi na moja.

"Februari ilikuwa tupu sana, Mama," akasema.

Huyo ndiye mwanahistoria wenu.

Mwaka wa 1983 shule ilitimiza miaka ishirini, na mwalimu mkuu akataka habari ya jengo la kwanza isomwe mbele ya wageni. Hapo ndipo Murunga alipoingia kwenye mambo yangu. Mume wangu, Kipyego arap Lagat, alifariki mwaka wa 1980 akiwa na malori manne ya kubeba mahindi kutoka Turbo, na jina lake liko kwenye milango ya malori hayo hadi leo. Ilijulikana mjini kwamba mawe ya shule yaliletwa na lori lake. Mimi sikumwambia mtu hivyo. Watu walisema, nami sikuwakatiza.

Murunga alikuja alasiri moja, akaegemeza baiskeli kwenye ua wangu wa maua, akaketi kwenye ncha ya kochi kana kwamba lingemwuma. Nilimpa chai na nikamweleza aandike nini. Aliandika. Nilidhani tumemalizana.

Siku mbili baadaye alirudi, na safari hii hakuketi. Alikuwa ameenda kwa Mzee Farah, msafirishaji wa zamani anayekaa nyuma ya msikiti. Mzee Farah alimwambia kwamba lori lilikuwa lake, Bedford lisilo na mlango wa kushoto. Mwaka wa 1963 Kipyego hakuwa na lori wala toroli. Alikuwa taniboi wa Farah, akipakia na kupakua, akikaa juu ya mzigo mvua ikinyesha na jua likiwaka.

"Mzee Farah hakumbuki alichokula jana," nilimwambia.

"Anakumbuka jina alilompa mzee wako. Winchi. Anasema alikuwa akiinua jiwe la watu wawili."

Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi. Nilichukua kikombe chake cha juzi, ambacho kilikuwa kimeshaoshwa, nikakipangusa tena.

"Wewe uliyeipangia sefu siku ya kuanguka," nikasema, "leo ndio umekuwa mtu wa ukweli?"

"Tarehe naweza kubuni, Mama Jepkosgei. Tarehe haina watoto. Mtu siwezi."

Nilimwonyesha mlango. Kesho yake nilivaa kofia nikaenda kwa mwalimu mkuu, mtu ambaye huinama kabla hajajua anainamia nani. Alinihakikishia kwamba habari itasomwa nitakavyo. Nikasikia baadaye kwamba alimwita Murunga akamwambia achague: ama lori liwe la Kipyego, ama asikanyage tena ile kreti, na barua ya uhamisho iandikwe wiki hiyo hiyo. Sikuona aibu. Nilikuwa na watoto watano wanaotembea mjini na jina la baba yao, na watu wa hapa hungoja sana kumwona mwenye malori akigeuka mpagazi.

Sherehe iliwekwa tarehe kumi na tano Julai, kwa kuwa ndiyo Ijumaa chifu alikuwa na nafasi. Murunga, bila kusita, akayahamishia mawe yake tarehe hiyo hiyo. Kwaya iliimba kuisifu serikali beti sita. Chifu alihutubia juu ya umoja wa chama, kisha akahutubia tena alipodhani tumesahau. Mimi nilikaa safu ya mbele, na Mzee Farah aliwekwa kando yangu, fimbo katikati ya magoti, akinuka ubani. Alinisalimu vizuri. Nilimjibu juu ya hali ya hewa.

Murunga akapanda kreti. Akakohoa.

"Leo, tarehe kumi na tano Julai, mwaka wa 1963, mawe ya shule hii yalifika kwa lori la Mzee Farah. Mvua ilinyesha, wapakuzi wakakimbia. Akabaki taniboi. Aliyashusha peke yake, safari sita. Aliitwa Kipyego."

Mwalimu mkuu alinyanyuka nusu, akabaki hivyo, si wa kukaa si wa kusimama. Watoto mia nne wakageuza shingo kunitazama, Chepkorir akiwa katikati yao, ameuma kola ya sare yake. Neno langu moja lingemshusha yule mtu kwenye kreti na pengine kumtoa Eldoret.

Nikasimama.

"Mwalimu, umekosea."

Mwalimu mkuu akaanza kutabasamu.

"Haikuwa tarehe kumi na tano. Ilikuwa tisa."

Murunga akainama kutoka kwenye kreti. "Una hakika, Mama?"

"Nilikuwa nikijifungua, Mwalimu. Wewe ulikuwa wapi?"

Wageni wakacheka, chifu akiwa wa mwisho, baada ya kuangalia kama inaruhusiwa. Nikaketi. Sikuwaeleza yaliyobaki kwa sababu hayakuwahusu: kwamba Jepkosgei wangu alizaliwa tarehe tisa Julai, na kwamba Kipyego aliingia wodini jioni hiyo akiwa na tope la mawe hadi kwenye kope na viganja vimechunika, nesi akamkatalia kumshika mtoto mpaka akanawe. Alinawa mara tatu. Bado damu ya viganja vyake ilibaki kwenye shuka.

Mzee Farah aligonga fimbo chini mara moja. Murunga alitoa penseli, akailamba, akaandika kwenye kiganja chake.

Barua ya uhamisho haikuandikwa. Mwaka uliofuata, tarehe tisa Julai, Chepkorir aliniletea jioni habari ya Kipyego na mawe kana kwamba siijui. Nilimsikiliza hadi mwisho. Mwalimu Murunga alikuwa ametaja safari saba. Zilikuwa sita, lakini sikumkatiza mtoto.