Siku Niliyomtetea Fundi Kanyoni Ukweni

Aibu hii naisema mwenyewe, kwa mdomo huu huu ulioniponza, maana nikiwaachia majirani zangu wa Nyamirambo waisimulie watatia chumvi mpaka mseme nilimpiga baba wa bibi harusi kofi, na mimi sikumpiga, nilimmwagia maziwa tu.

Mjukuu wangu Faustin nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto hajaota meno, nikamchukua nikamlea kwa Kiswahili changu cha Kigoma nilikozaliwa (mume wangu alikuwa dereva wa malori, ndiye aliyenileta Kigali), na ile sauti yake nzito inayomfanya mtu aache kutafuna ameitoa kwangu, siyo kwa ukoo wa baba yake wanaoongea kama wana mafua. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka redioni.

Mwaka ule wa tisini na mbili, vita viko huko kaskazini na kila mtu ana hofu yake, kulikuwa na mchezo wa redio ambao mtaa mzima uliacha sufuria jikoni kwenda kuusikiliza, mchezo wa ofisi ya wapelelezi wa nchi isiyo na jina, ofisi yenyewe imefichwa chini ya kiwanda cha sabuni. Faustin alikuwa Fundi Kanyoni, yule anayewafundisha wapelelezi vijana kutumia mitambo: redio ndani ya kisigino cha kiatu, kamera ndani ya chupa ya chai. Na huyo Kanyoni ni mtu wa namna gani! Hasifu mtu, hapandishi sauti, mwanafunzi hamwiti kwa jina lake bali kwa jina la chombo, wewe Koleo, wewe Nyundo, na kulikuwa na binti mmoja aliyemwita Bisibisi ambaye alimkazania kuliko wote, anamfunga macho kwa kitambaa ili aifungue redio na kuiunga tena kwa kupapasa, akikosea anaambiwa "Anza tena," basi, hata maji hapewi.

Sasa wiki moja Bisibisi akatumwa kwa maadui na redio aliyotengenezewa na Kanyoni mwenyewe, akaiwasha, kimya. Imekufa mkononi mwake. Wakamkamata. Jamani, mtaa uliwaka! Fundi cherehani wa jirani aliacha kumsalimu Faustin, na mama anayetuletea maziwa akamwambia pale pale mlangoni, "Wewe iko na roho mbaya, mtoto wa watu umemtupa." Faustin akacheka, "Mama, ni mchezo tu." Mimi sikucheka. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mtu ambaye hayupo (ndiyo, najua), nikamkaba mjukuu wangu anieleze Kanyoni alifanya vile kwa nini, nikamkaba asubuhi, nikamkaba jioni, mwisho akafunga dirisha, akaniambia.

"Lakini Bibi," akasema, "hili linajulikana na mwandishi na mimi tu, mpaka siku ya mwisho ya mchezo. Likitoka, nimekwisha."

Nikaapa kwa kaburi la babu yake.

Wakati huo Faustin alikuwa anamtaka Donatila, binti wa Mzee Anastase wa Ndera, mfugaji, mtu wa kanisa, mtu mkimya ambaye akikuangalia unajikuta unakagua vifungo vya nguo yako. Msichana alikuwa tayari. Baba ndiye aliyesita, akasema kazi gani hiyo ya kusema uongo redioni, na Faustin akaenda Ndera mara nyingi sana kukaa naye tu, bila maneno, mpaka mzee akalainika, akasema haya, leteni watu wenu mpose, na redio yako ubaki nayo. Msichana na redio, vyote viwili ndivyo alivyovitaka mjukuu wangu hapa duniani, na ilibaki hiyo siku moja tu.

Siku yenyewe tukafika Ndera tumevaa vizuri, turubai limefungwa, viti vimepangwa pande mbili, wao kule, sisi huku, wanawake wazee wametengewa mahali pao nyuma, kivulini, karibu na vyungu vya pombe ya ndizi. Kwenye posa zote nilizowahi kwenda mimi nilikaa huko nyuma, nikapiga soga na kunyonya mrija wangu, nikasikia wanaume wanacheka mbele bila kujua wanacheka nini. Safari hii nikasema hapana. Mtoto ni wangu, nitakaa mbele. Nikakaa kiti cha kwanza kabisa, na mwavuli wangu. Hapo ndipo nilipoharibu, na hata sikuwa nimefungua mdomo.

Mnajua posa za huku zilivyo. Wanaosema ni wasemaji wawili tu, wa kwao na wa kwetu, wengine wote midomo imefungwa. Msemaji wa wenye binti kazi yake ni kukataa: anazua ugomvi ambao haukuwepo, mara babu yenu alituibia ndama, mara binti mwenyewe tumeshamwoza, na wa kwetu anamjibu kwa uongo mzuri zaidi, watu wanacheka, pombe inatoka, mpaka mwisho anatajwa ng'ombe na mambo yanakwisha. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua nusu.

Msemaji wao, Mzee Gaspard, akasimama, akakohoa, akasema kwa huzuni kabisa, "Wageni wetu, tungewapa binti, lakini tumesikia kijana wenu ndiye Fundi Kanyoni. Yule aliyempa mtoto wa watu redio mbovu ili afe. Kesho si atamtuma Donatila sokoni na kikapu kisicho na kitako? Mtu huyu hana moyo. Amelelewa na nani huyu?"

Watu wakacheka. Mimi nilisikia hilo la mwisho tu. Amelelewa na nani!

"Mwongo!" Ndiyo, nilimwita hivyo mzee mwenye mvi, nyumbani kwao, mbele ya wakwe. Nimeshasimama. Msemaji wetu, Tharcisse, akanivuta kitenge, "Mukecuru, kaa chini, tafadhali, kaa," (mukecuru ndivyo wanavyotuita vikongwe huku), nikampiga mkono, nikaendelea, na nilipoanza sikuona pa kusimama. Nikasema Kanyoni ana moyo kuwashinda ninyi wote, ile redio haikufa yenyewe, waya aliukata yeye kwa mkono wake, kwa sababu wakubwa wa ofisi walikuwa wamepanga redio ikilia tu wailipue nyumba yote na Bisibisi akiwa ndani, na Kanyoni aligundua, akaona afadhali mtoto akamatwe awe hai, na hakumwambia mtu kwa sababu angesema wangemtuma mwingine, kwa hiyo amekubali kuchukiwa, amekaa na chuki yenu kifuani na mnamcheka! Na Faustin wangu hajaua kitu, hata kuku hachinji, kuku nachinja mimi, yeye akiona damu anaanguka, muulizeni, na kitandani alikojoa mpaka anaanza shule kwa ajili ya huruma tu, alikuwa anaota watu wanaumwa!

(Donatila alikuwa dirishani na wasichana wenzake. Nilimwona akiziba mdomo.)

Kila neno nilikuwa nalisindikiza na mwavuli, na kwenye neno la huruma mwavuli ukakipiga chombo cha mti cha maziwa alichokuwa amebeba binti mmoja, kikaruka, maziwa yote yakamwishia Mzee Anastase kifuani, kwenye koti lake la misa.

Nyuma kabisa mtu mmoja akasema, "Ni bahati hospitali ya wagonjwa wa akili iko hapa hapa Ndera." Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tharcisse akafumba macho. Mkononi alikuwa ameshika betri mbili mpya. Baadaye ndipo nilipoambiwa: yeye na Gaspard walikuwa wameyapanga hayo maneno jana yake, Gaspard amtukane Kanyoni, na Tharcisse ajibu, "Kosa tumelikubali, ndiyo maana tumekuja na betri wenyewe," amkabidhi, watu waanguke kwa kicheko. Ulikuwa utani mzuri. Ulikuwa mzuri sana.

Mzee Anastase akajifuta taratibu, akasimama. "Tutakaa siku nyingine," akasema. Tukarudi Nyamirambo na ng'ombe wetu hajatajwa.

Nilikwenda Ndera mwenyewe na chungu cha pombe kuomba msamaha. Mzee Anastase alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Mukecuru, maziwa yamefuliwa," akasema. "Na Gaspard amekusamehe, anakusimulia kila anapokunywa. Linalonisumbua ni huyo Kanyoni wako. Yule niliyemchukia nilimwelewa, alikuwa katili, basi. Huyu uliyenieleza wewe ananitisha. Anaamua peke yake lililo jema kwa mtoto wa mtu mwingine, halafu ananyamaza. Binti yangu ataishije na mtu kama huyo?"

"Lakini ni mchezo, muzehe," nikasema.

"Siku ile hukusema ni mchezo."

Nikachukua mwavuli wangu, nikaaga.

Redioni nako maneno yangu yalikuwa yamefika, kwa kuwa pale chini ya turubai hakukosekana binamu wa mtu wa redio. Wiki iliyofuata tukakaa kusikiliza, na kabla mtu hajavuta kiti vizuri wakatangaza kwamba Fundi Kanyoni amepigwa na umeme akitengeneza pasi. Pasi! Hakupewa hata neno la kuaga, na siri yake wakampa mwingine, Koleo, aliyeisema vibaya. Faustin akaambiwa asirudi.

Baada ya hapo Mzee Anastase akatoa ruhusa, akasema sasa naona yule bwana amekufa, kijana aje. Safari hii nilikaa nyuma na vyungu, Tharcisse akazitoa betri zake, watu wakacheka, ng'ombe akatajwa, harusi ikafungwa. Faustin akapata kazi kwenye ghala la mizigo uwanja wa ndege, Kanombe, wakahamia huko. Watu wananiambia, Bibi, yaliisha vizuri, mke si amepata? Amepata. Ananijia kila Jumapili na sukari, hajawahi kunilaumu hata kwa jicho, nikimuuliza kazi inaendaje anasema nzuri, nikimuuliza mke anasema mzima, nikimuuliza kama anaikumbuka redio anasema, "Kula, Bibi, chakula kinapoa."

Tangu siku ile, mtu akinivuta pembeni aniambie neno la siri namwambia nenda kwa fundi cherehani, mimi sifai. Wala siendi posa ya mtu nikakaa mbele, hata nibebwe. Lakini hakuna tena anayejaribu kunivuta pembeni. Mwaka huu asubuhi moja nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria yangu, yule mama wa maziwa akanipimia, akaniangalia akashangaa.

"Mukecuru, umepata kitukuu, mtoto wa kike, tangu juzi. Na wewe iko hapa unasubiri maziwa?"

Nikamwambia najua, nilikuwa najiandaa kwenda, na ndiyo kwanza nalisikia kwake.