Msuko wa Mama kwenye Farasi wa Mbao

Mninga uliopigwa randa una harufu tamu, na ukipakwa vanishi harufu hiyo hupanda mpaka kichwani. Nilipokuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya hamsini, nililala na kuamka ndani ya harufu hiyo. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba, fundi seremala, alinichukua kijijini tukakae kwenye shamba la tumbaku la mzungu mmoja nje ya mji wa Iringa. Bwana huyo alikuwa akiwajengea watoto wa walowezi wenzake uwanja wa burudani: bembea, gari moshi dogo, na farasi kumi na wawili wa mbao wa kuzungushwa kwa injini. Baba hakuwahi kumwona farasi kwa karibu. Alipewa picha iliyokatwa gazetini, akachonga. Kazi ikipendeza angebaki kama fundi mkuu, nami ningepelekwa shule ya misheni. Niliitaka shule ile kuliko chakula.

Mama alikuwa mfumaji. Kwetu Uheheni, mnunuzi wa kikapu cha milulu, yale majani ya bondeni, hukigeuza, huutazama msuko, kisha huuliza ni mkono wa nani, na mtoto aliyeachwa kulinda bidhaa hutakiwa kujibu kwa sauti. Ukinyamaza watadhani umekiiba. Mimi nilijibu hivyo sokoni tangu sijajua kuhesabu. Msuko wa mama ulikuwa mistari miwili inayopanda na kushuka pamoja, halafu mmoja unakatika ghafla kabla ya kumfikia mwenzake. Wapo waliomcheka kwamba amekosea. Hakuwa amekosea, ndivyo alivyopenda. Alipokufa, shangazi zangu waligawana vikapu vyake vyote, mimi sikuachiwa hata kifuniko.

Siku moja kabla ya ufunguzi, wafanyakazi na watoto wao tuliruhusiwa kuingia uwanjani, kutazama tu, si kupanda. Nilichuchumaa kando ya farasi mwekundu nifute vumbi mguuni, nikauona. Chini ya tandiko, mahali ambapo paja la mpandaji lingepafunika, mistari miwili ilikuwa imechongwa kwa ncha ya patasi, mmoja umekatika. Nikakimbilia farasi wa pili, nikaukuta ndani ya sikio. Wa tatu alikuwa nao chini ya tumbo, wa nne nyuma ya kwato. Nilizunguka wote kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa nao, umefichwa mahali tofauti. Baba alisimama kando na kopo lake la vanishi akinitazama. Alitabasamu, na tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno yake.

Bwana naye alikuwa ameniona nikiinamainama. Alikuja na karani wake, akauliza kupitia kwake natafuta nini. Nikamwonyesha farasi mwekundu, kisha wengine watatu, na kama nilivyofundishwa sokoni nikajibu kwa sauti kabla sijaulizwa: "Ni mkono wa mama yangu. Baba ndiye kauchonga." Nilidhani atafurahi. Yeye alikuwa mtu wa kuchoma ng'ombe wake kwa chuma cha moto ili wasiibwe, na kwake mwenye alama ndiye mwenye mali. Uso ulimwiva. Karani akamgeukia baba, akamwambia Bwana anataka kujua nani kamruhusu kutia alama kwenye vitu visivyo vyake.

"Ni pambo tu, Bwana," baba akasema. "Na ni hao wanne basi."

Bwana alimpita. Aliniinamia mimi, na karani akatafsiri: "Binti, wapo wengine? Sema kweli, shule inakungoja." Nilimtazama baba. Alikuwa akitazama chini. Nikawaonyesha wote, mmoja baada ya mwingine, na sikusahau hata mmoja.

Baba aliamriwa kuziondoa alama hizo mwenyewe. Alikwangua kwa patasi, akasugua kwa msasa, akapaka vanishi upya, mchana kutwa, na mimi nikishika kopo. Jioni alilipwa, tukaambiwa tusionekane pale kesho. Shule sikupelekwa. Njia nzima ya kuja huku Mbeya, tulikohamia, baba hakunilaumu, na heri angenichapa.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na zawadi. Kwenye uwanja wa michezo wa huko, wajenzi wameficha vipicha ukutani na chini ya bembea, na mtoto anayeviona vyote hupewa mpira. Alitaka nimsifu kwa macho yake makali. Nilishindwa, nikatoka nje, na sioni haya kusema nilimwonea wivu mtoto wa miaka minane.

Baba aliishi Mbeya miaka thelathini, akatengeneza milango, vitanda na mabenchi ya kanisa letu. Akiulizwa kazi ni ya nani, alijibu kwamba hajui. Mabenchi hayo bado yapo. Kila Jumapili nakaa benchi tofauti, na wenzangu wakisimama kuimba mimi napapasa chini ya ubao, nyuma ya mguu, ndani ya kiungo. Nimeyamaliza yote. Hakuchonga kitu.